Jinsi ya Kukihukumu Kidhibiti cha Gesi Kisicho na Hatia

Hongera, fundi. Umekabidhiwa kidhibiti cha mtiririko wa gesi, kile kiboksi cha chuma kinachokaa kati ya mtungi na mashine, na leo kimegoma: umekiagiza lita 10 kwa dakika, kinasoma 6. Kifungue mara moja. Usiutazame mtungi, maana ukikuta umekaribia kuisha utakosa sababu ya kuagiza kidhibiti kipya. Regyuleta nayo iache ilivyo. Kwamba gesi haiendi popote bila presha ya kuingilia kuizidi ya kutokea, hayo ni ya walimu wa fizikia.

Ndani utakuta kijibomba chembamba kinachopashwa joto. Gesi kidogo hupita humo ikihamisha joto kutoka upande mmoja hadi wa pili, na tofauti hiyo ya joto ndiyo inayokiambia kidhibiti gesi yote ni kiasi gani. Kichokonoe kwa waya. Ukitoa kipande cha tepu nyeupe ya mafundi bomba, usijiulize kimetoka wapi. Rudi kwenye kiungio, uzungushe nyingine nene zaidi, hadi hesi ya kwanza kabisa.

Maji ya sabuni usipake kwenye viungio. Mapovu yataonyesha panapovuja, na kazi itaisha kabla ya chai.

Sasa kitufe cha sifuri. Wenye subira huwasha kifaa, wakangoja nusu saa kipate joto, wakafunga vali za pande zote mbili, ndipo wakakibonyeza. Wewe bonyeza tu kila skrini inapoonyesha namba usiyoipenda. Kama gesi ilikuwa bado inapenya, kiasi hicho sasa kimesajiliwa rasmi kuwa si kitu, na kuanzia hapo itapita gesi nyingi kuliko unayoagiza huku skrini ikikusifu. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkuu: kosa lisiloacha alama, linaloharibu mzigo wa mwezi mzima na kumtia lawamani mtu wa zamu nyingine.

Kubadilisha gesi ni rahisi zaidi. Kifaa kilichopimwa kwa nitrojeni kiunganishe na agoni: skrini itasema 10, zitapita kama 14. Kwa kaboni dioksidi, 10 za skrini ni 7 hivi. Mchomeleaji akilalamika, mwonyeshe skrini.

Jioni funga mtungi lakini agizo la lita 10 liache palepale. Vali itakesha imeachama ikitafuta gesi isiyokuwepo, na asubuhi atakayefungua mtungi atapokea fungu lote kwa mkupuo.

Kisha andika daftarini “kifaa kibovu” na ukirudishe kwa muuzaji. Baada ya wiki kadhaa kitarejea na cheti kwamba ni kizima. Kifunge palepale, kwa tepu ileile.