Michembe ya Mama na Mvua ya Agosti

Kwetu Bariadi, Agosti ni mwezi wa kuanika. Viazi vitamu vimeshachimbwa, na kila mwenye jabali karibu na nyumba huligeuza uwanja wa michembe. Mama mkwe wangu ana jabali lake nyuma ya jiko, pana kuliko sebule. Viazi huachwa vinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi hadi vikiguswa vilie kama vigae. Vikichemshwa kwanza ndipo huitwa matobolwa. Yote ni akiba ya Desemba na Januari, mahindi ya ghalani yanapopungua na ya shambani bado ni majani.

Usiku michembe hulala nje. Katika maisha yake yote Mama alikuwa akihofia mbuzi tu.

Mwaka jana, kabla ya jogoo wa kwanza, radi ilipiga juu ya bati. Mama alikuwa wa kwanza kutoka. "Amkeni! Michembe!" Watoto walitoka na mabeseni, nyungo, hata sufuria ya ugali. Jabali lina mteremko, kwa hiyo maji yalishaanza kuisomba michembe kuelekea zizini, na mbuzi waliipokea kwa furaha kubwa.

Nyumbani turubai lilikuwa moja. Baba watoto alikwisha kulivuta sebuleni, kwenye magunia ya mwisho ya pamba, maana bati linavuja upande ule. Mama alilishika ncha ya pili.

"Mama, pamba ni ada ya watoto."

"Na hiyo ada watakula?"

Hakuna aliyemjibu. Turubai likaenda jabalini, na mimi nikabaki nasukuma magunia gizani, nikikinga matone kwa karai. Gunia moja lililowa. Pamba iliyolowa hubadilika rangi, na kwenye mizani ya daraja la safi huitwa fifi, daraja la chini, bei ikishuka papo hapo.

Mvua haikudumu hata muda wa kusonga ugali. Lakini jua lilipochomoza vipande vilikuwa vinanata, na kufika adhuhuri harufu ya uchachu ilishaanza. Mama akaamuru vichemshwe vyote. Kuni zilikuwa chepechepe, moshi ukajaa jikoni hadi macho yakavimba, tukaishia kuteketeza mkaa wote uliokuwa ndani. Tulikula viazi kwa karanga za kutwanga asubuhi, mchana na jioni, mpaka mtoto wa mwisho akawa anajificha akiitwa kula.

Mvua moja ya Agosti haitoshi kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika. Hilo hupimwa kwa miongo. Ila hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, na unyevu huo lazima umwagike mahali. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kuwa vuli ingekuja na El Niño, na ikaja. Wazee wetu bado wanaipima kila mvua kubwa kwa ile ya 1997.

Siwezi kusema elimu ya Mama imepitwa na wakati. Ngitili, ile desturi ya Kisukuma ya kufunga sehemu ya malisho mpaka kiangazi, ni ya wazee haohao, na mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza 1986, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, uliihuisha. Mama anajua kiazi kilichonyauka vya kutosha kwa kukibonyeza tu. Kilichomkimbia ni kalenda.

Basi nyumba imebadili mwendo. Maturubai sasa ni mawili, na yanatundikwa kwenye msumari mlangoni. Siku ya mnada hatuondoki wote. Mmoja hubaki kuangalia mawingu. Jirani amejenga chanja chenye paa, nasi tunakusanya miti ya chetu. Viazi tunakata nusu, tukisubiri vikauke ndipo tukate nusu nyingine, ingawa Mama anaona tunachelewesha kazi. Jioni, kabla ya chakula, hunitaka nimsomee utabiri kwenye simu. Nikimaliza Simiyu, mkoa wetu, huuliza na Mara, kwa dada yake, kukoje.