Barua ya Wazi kwa Seneti ya Australia: Dawa ya Maseneta Wasio na Chama Tunayo Sisi

Mheshimiwa Rais wa Seneti,
Bunge la Australia,
CANBERRA.

YAH: USHAURI WA BURE KUHUSU MASENETA WASIO NA CHAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Dar es Salaam, mzima wa afya, nikiwa na kitambulisho cha mpiga kura na sina kadi ya chama chochote. Nimekuwa nikifuatilia kwa masikitiko mateso mnayoyapata mikononi mwa watu wachache wasiotaka kupangiwa foleni. Kwa kuwa nchi yangu imekwisha kulimaliza tatizo hilo, nimeona kukaa kimya ni uchoyo.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyowaponza. Seneti yenu ina viti 76. Wote wakihudhuria, muswada unataka kura 39 ili upite. Kura zikifungana, muswada umekufa. Baada ya uchaguzi wa 2022, serikali ya chama cha Labor ilikuwa na maseneta 26. Ikaomba 12 wa chama cha Greens, ikafika 38. Serikali nzima, yenye mawaziri, misafara na wasemaji, ikakwama kwa kukosa mtu mmoja!

Na huyo mtu ni nani? David Pocock, mcheza raga aliyekulia Gweru, Zimbabwe, akahamia kwenu akiwa kijana, akawahi kuwa nahodha wa timu ya taifa, kisha akagombea useneta wa Canberra bila chama na kumng'oa seneta wa chama cha Liberal. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilipopeleka muswada wa sheria za kazi, Pocock aliuchukua akausoma. Akataka virekebishwe vifungu kadhaa. Akataka pia iundwe kamati ya wataalamu ambayo kila mwaka, kabla ya bajeti kusomwa, itaiambia serikali hadharani kama posho ya wasio na kazi inatosha kumfanya mtu aishi. Akakubaliwa, naye akapiga kura ya ndiyo.

Mheshimiwa, mmeruhusuje mambo kufika hapo? Kwetu anayeongoza kikao huuliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unaitikia kwa pamoja, naye anatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Chai haijapoa, sheria imepita. Hakuna anayeiweka serikali kibarazani mpaka amalize kusoma.

Najua Pocock si wa kwanza kuwatesa. Wakongwe wa Canberra wakisikia jina la Brian Harradine wa Tasmania bado wanashika kichwa. Labor walimfukuza mwaka 1975. Kwetu hapo hadithi ingekuwa imeisha, mtu angerudi kijijini kufuga kuku. Kwenu ndiyo kwanza ikaanza: mwaka huohuo watu wa Tasmania walimpa useneta, akaukalia hadi 2005. Mwaka 1996 serikali ya John Howard ilipotaka kuuza theluthi ya shirika la simu la Telstra, ilimhitaji yeye pamoja na Mal Colston, aliyekuwa ametoka Labor mwaka huo na kupata unaibu rais wa Seneti kwa kuungwa mkono na serikali. Simu zikauzwa, na Tasmania ikaondoka na fungu lake nono.

Kisha ikaja kodi mpya ya bidhaa na huduma, asilimia 10. Howard alikuwa ameinadi kwenye uchaguzi wa 1998 na akashinda. Tarehe 14 Mei 1999 Harradine akasimama. Serikali ikakaa inamsikiliza mzee huyu, baba wa watoto 13, akieleza jinsi kodi ya matumizi inavyomwelemea mwenye kipato kidogo. Alipofika mwisho akasema hawezi. Ikabidi Howard aende kubisha hodi kwa chama kidogo cha Democrats, nao wakamwambia atoe kodi kwenye vyakula vya msingi. Kodi ikaanza Julai 2000, mkate na maziwa vikiwa salama. Tazama hasara waliyopata walaji.

Nisionekane napamba upande mmoja. Harradine huyohuyo, mwaka 1996, alichomeka kwenye sheria ya dawa kifungu kilichozuia kidonge cha kutoa mimba cha RU486 kuingia nchini bila idhini ya waziri. Kifungu hicho kikadumu miaka kumi. Mwaka huohuo misaada yenu ya nje ikafungwa masharti kwamba fedha zake zisiguse huduma za utoaji mimba, na masharti hayo yakakaa hadi 2009. Yaani mwanamke wa nchi maskini, ambaye Tasmania hajui hata iko wapi, aliamuliwa mambo ya mwili wake na mtu ambaye hajawahi kumpigia kura wala kumnyima. Hapo, Mheshimiwa, hata mimi kejeli inanikwama kooni.

Bei nazo hazifanani. Februari 2009, dunia ikiwa kwenye msukosuko wa fedha, serikali ya Kevin Rudd ilipeleka mpango wa dola bilioni 42 kuuokoa uchumi. Nick Xenophon wa Australia Kusini akasema hapana, kura zikafungana 35 kwa 35, muswada ukaanguka. Kesho yake ukapita, baada ya kupatikana dola milioni 900 za kushughulikia mito ya Murray na Darling, ambayo jimbo lake linanywa maji yake. Mwaka 2019 Jacqui Lambie, mwanajeshi wa zamani wa Tasmania, aliunga mkono punguzo la kodi. Miezi michache baadaye deni la nyumba za watu wa kipato cha chini Tasmania, kama dola milioni 157, likafutwa. Desemba mwaka huohuo akapiga kura ya kufuta sheria iliyowawezesha wakimbizi waliowekwa visiwani kuletwa Australia kwa matibabu, na alichoahidiwa hakikutajwa. Huyo wa Desemba ndiye wa kumwogopa. Anayedai maji ya mto mbele ya kamera tunaweza kumpima.

Tena Tasmania yenyewe, yenye watu wasiofika laki sita, ina maseneta 12, sawasawa na New South Wales yenye watu zaidi ya milioni nane. Waziri Mkuu wenu Paul Keating alichoshwa na hesabu za namna hii, mwaka 1992 akaliita baraza lako tukufu makombo ya nguruwe yasiyomwakilisha mtu.

Lakini nimeketi nikajiuliza: huyu mtu mmoja nguvu anazitoa wapi? Labor na Liberal wakikubaliana, kama wanavyokubaliana mara nyingi kuliko wanavyopenda tujue, kura ya asiye na chama haina uzito hata wa karatasi iliyoandikiwa. Anakuwa mtu pale tu wakubwa wanaponuniana. Mnafanana na ndugu wawili wasiosemeshana, kila mmoja akimtuma jirani salamu kwa mwenzake, halafu jioni wanakaa kulalamika kwamba jirani amekuwa mwenye nyumba. Kila mnachokiita unyang'anyi wa Harradine au Xenophon kingeweza kuepukwa kwa mlango mmoja wa ofisi kufunguliwa. Ila kwa mpinzani wenu hamwendi, kwa sababu kumpa sifa yeye ni ghali kuliko kuipa Tasmania milioni mia moja na ushee.

Kwa kuwa kupatana hamtaki, pokeeni dawa yetu.

Kwanza, wafungieni mlangoni. Nimesikia mwaka 2022 Waziri Mkuu Anthony Albanese aliwapunguzia wabunge na maseneta wasio wa vyama vikubwa washauri wa ziada kutoka wanne hadi mmoja. Hiyo ni dawa ya watoto. Sisi tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Katiba na sheria zetu zinasema mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Urais, ubunge, udiwani, hata uenyekiti wa mtaa wa kusuluhisha ugomvi wa majitaka. Mimi ninayekuandikia naweza kuchagua wote hao, kuchaguliwa siwezi.

Pili, mahakama ikiwapinga, msibishane nayo, ipiteni mbele. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akasema mgombea binafsi aruhusiwe. Wino haujakauka, Bunge likabadilisha Katiba kumfungia tena. Mtikila hakuchoka, mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki kwa mara ya pili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, ikasema hayo ni mambo ya siasa, yaachiwe Bunge. Yaani wenye vyama waamue kama wasio na vyama waruhusiwe kushindana nao! Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapahapa kwetu, ikasema haki zake zimevunjwa. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, na mgombea binafsi hajaruhusiwa mpaka leo.

Tatu, hata aliyeingia kwa chama msimwachie pumzi. Mwaka 2024 seneta wenu Fatima Payman alipiga kura kinyume na Labor juu ya kuitambua Palestina, akasimamishwa, akajitoa chamani, na kiti akabaki nacho. Ni uzembe ulioje! Kwetu ukiacha chama asubuhi, mchana umeshakuwa mbunge mstaafu.

Hapa sina budi kuwa mkweli, dawa ina madhara kidogo. Novemba 2020 chama cha Chadema kilitangaza kuwafukuza wanachama wake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Barua zikaandikwa, kesi zikafunguliwa, miaka ikapita, na wao wakaendelea kukaa bungeni na kuuliza maswali ya nyongeza. Basi nchi isiyoruhusu mbunge asiye na chama ikawa na wabunge 19 ambao chama chao kinasema si wake. Tofauti na Pocock, hakuna muswada uliowahi kusimama kuwasubiri.

Majirani zetu Kenya walichagua njia ya katikati. Katiba yao ya 2010 inaruhusu mgombea huru, na uchaguzi wa 2022 uliingiza 12 katika Bunge la Taifa, wakati miungano miwili mikubwa ikikabana koo. Kwa siku chache walikuwa watu muhimu kuliko wote Nairobi. Kisha wengi wao wakaenda kusaini na muungano wa Kenya Kwanza kabla hata ya kuapishwa. Uhuru wao ulidumu muda mfupi kuliko maua ya kampeni.

Nafahamu kwamba uchaguzi wa Mei 2025 umewapa nafuu: Labor na Greens sasa wanafika 39 peke yao, na Pocock anaweza kupita koridoni bila kusimamishwa na waziri. Mnaweza kudhani mmepona. Lakini mkumbuke mlichokuwa mnakipata alipokuwa na uzito: serikali ililazimika kueleza muswada wake kwa mtu ambaye haimlipi cheo, hawezi kuitwa kwenye kamati ya maadili ya chama, na anaweza kuuliza "kwa nini?" mpaka ajibiwe. Wakati mwingine uamuzi wa mtu wa namna hiyo ulikuwa mbaya, kama wa Harradine na kidonge chake, na wapiga kura wa Tasmania walikuwa na nafasi ya kumwondoa. Kama bado mnaona hiyo ni kero, dawa yetu ipo, na hatutozi ushuru wa kuisafirisha.



Wako mtiifu,
Mpiga kura asiyegombeka,
Dar es Salaam.

Nakala:
Seneta David Pocock, kwa taarifa na tahadhari.
Katibu wa Bunge, Dodoma, kwa kuhifadhi kabatini.
Mahakama ya Afrika, Arusha. Hii sijaituma: serikali iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kushtaki mwaka 2019, na tangu uamuzi huo uanze kutumika mwaka 2020 raia wa Tanzania haruhusiwi tena kupeleka shauri jipya mahakamani hapo mwenyewe, ingawa nauli ya basi ni ileile.