Shukrani za Ngaremara kwa Uongozi wa Wanasaikolojia

Kwa Marais, Makatibu Wakuu, Waweka Hazina na Wajumbe wa Kamati Tendaji,
Vyama vya Wanasaikolojia vya Kanda ya Afrika Mashariki,
Popote pale kongamano lilipo.

Waheshimiwa,

KUH: SHUKRANI KWA KUIACHA NGAREMARA IPUMUE

Uongozi unaamkiwa kwa heshima zote zinazostahili vyeo vyake, na unajulishwa kwamba barua hii inatoka Ngaremara, mojawapo ya wadi 10 za Kaunti ya Isiolo, iliyoko kaskazini mwa mji wa Isiolo kwenye barabara kuu iendayo Archer's Post, Marsabit na Moyale. Lengo lake si kuwaita wataalamu waje, bali ni kuwashukuru kwa kutokuja. Kwa miaka yote ambayo vyama vimekuwa vikichagua viongozi, kurekebisha katiba zao na kupiga picha za pamoja kwenye ngazi za hoteli, wakazi wa wadi hii, ambao wengi wao ni Waturkana wafugaji, wameachiwa huzuni zao zikiwa nzima kama zilivyokuwa, na si haki wema wa namna hiyo upite bila kuandikiwa japo ukurasa mmoja.

Ili msomaji asiye wa fani asiachwe nyuma, inafaa ielezwe kwamba saikolojia ni elimu inayochunguza nafsi na tabia ya binadamu, na kwamba mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa daktari huyo amesomea udaktari kwanza na ana ruhusa ya kuandika dawa, ilhali mwanasaikolojia hutibu zaidi kwa mazungumzo, vipimo na mazoezi ya kubadili tabia. Chama cha kitaaluma, kwa upande wake, ni jumuiya ya watu wa kazi moja wanaojiwekea masharti ya kuingia, kanuni za maadili na viongozi wa kuzisimamia, na kwa desturi hubeba mizigo miwili: kuilinda taaluma dhidi ya matapeli, na kuhakikisha kwamba taaluma hiyo inaufaa umma uliosababisha iwepo. Mzigo wa kwanza uongozi umeubeba kwa ustadi usio kifani. Wa pili umetuliwa chini kwa muda, pengine ili mikono ibaki huru kupokea vyeti.

Ushahidi wa ustadi huo unapatikana katika Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili wataalamu nchini Kenya na kumkataza mtu yeyote kuifanya kazi hiyo bila usajili na leseni. Sheria yenyewe ni njema, kwa maana mwenye huzuni ni windo jepesi la tapeli. Tatizo dogo, ambalo bila shaka hakuna aliyelikusudia, ni kwamba ikisomwa na mwenye bidii ya kutosha, Ngaremara itaonekana imejaa wakosaji. Yupo mzee anayeketi chini ya mgunga na kijana aliyepoteza mifugo yake katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, mvua za misimu mitano zilipokosekana mfululizo na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Mzee huyo humsikiliza kijana, humuuliza, huzungukia jamaa ili wamchangie mbuzi wa kuanzia, kisha humrudia baada ya siku chache kuona kama amekula, na yote hayo huyafanya bila leseni, bila namba ya uanachama na bila kulipa ada ya mwaka. Mkunga, katekista, imamu, chifu na mhudumu wa afya ya jamii wamo katika hatari hiyohiyo. Inashukuriwa kwamba hakuna kamati ya maadili iliyofika kuwakagua, kwani ingebidi wadi nzima isimamishwe kazi.

Uongozi unastahili pongezi pia kwa uteuzi wa mahali pa kukutania. Kongamano la Kimataifa la Saikolojia lilipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 2012, lilikwenda Cape Town; na Umoja wa Saikolojia wa Afrika Nzima, yaani jumuiya inayoviunganisha vyama vya nchi mbalimbali za bara hili, ulipoitisha kongamano lake la kwanza mwaka 2017, ulikwenda Durban. Vyama vya nchi na vya kanda vilijifunza upesi kwamba fikra kuhusu mateso ya binadamu hukomaa vizuri zaidi penye upepo wa bahari au, bahari ikikosekana, penye kiyoyozi. Haisemwi kwamba taaluma imekosa viongozi walioyajua mateso kwa karibu, kwa sababu rais wa kwanza wa umoja huo, Saths Cooper wa Afrika Kusini, alifungwa Robben Island kwa makosa ya kisiasa kabla ya kuwaongoza wanasaikolojia. Linalosemwa ni kwamba mateso siku hizi yamepewa dakika kumi na tano, slaidi na nafasi ya maswali mawili kabla ya chai. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wameona ada ya kujiandikisha kongamanoni, ambako mgeni huja akiwa mzima, na mwenyeji anayeumwa hana beji ya kumpitisha mlangoni.

Vikao hivyo, ni kweli, havikosi faida, kwa sababu hutoa alama za kujiendeleza kitaaluma, yaani pointi ambazo mtaalamu huzikusanya ili leseni yake ihuishwe. Bado haijasikika huku kwamba kukaa siku tatu katika manyatta iliyovamiwa usiku na wezi wa mifugo, kuwasikiliza watoto walioshuhudia na kumfundisha mwalimu wao namna ya kuwapokea darasani, kunamletea mtaalamu hata nusu alama. Uongozi umefanya vyema kutoliruhusu jambo hilo, maana wataalamu wangeanza kuonekana vijijini kwa ajili ya pointi, na viti vya mbele ukumbini vingebaki vitupu.

Katika uwanja wa vipimo, shukrani zinaelekezwa kwa PHQ-9, hojaji ya maswali 9 iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, ambayo humtaka mtu aseme ni mara ngapi katika majuma mawili yaliyopita amesumbuliwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu nguvu na hamu ya maisha. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Hojaji hiyo ina tafsiri ya Kiswahili, imewasaidia wengi, na wakosoaji wake wana haki ya kunyamaza mpaka waone inavyofanya kazi kwa mama wa Kiturkana auzaye makaa kando ya lami, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni.

Mama huyo akiulizwa kama amepata shida ya kulala, atajibu kwamba nyumbani kwake watu hulala kwa zamu, kwa kuwa wezi wa mifugo hawaji mchana. Akiulizwa kama hamu yake ya kula imepungua, atataka kujua kwanza chakula chenyewe kimewekwa wapi. Akiulizwa kama anajihisi mchovu, atatazama gunia, atatazama mtungi wa maji, kisha atamtazama muulizaji. Swali la saba hutaka kujua kama anashindwa kutuliza mawazo katika mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni, na hapo muulizaji mwenye haya hugeuza ukurasa. Uhalali wa kipimo, yaani uwezo wake wa kupima kile hasa kinachodaiwa kupimwa, ni somo la mwaka wa kwanza chuoni. Lakini alama zitajumlishwa hivyohivyo, njaa na hofu na kazi nzito zitaandikwa kwa jina moja la ugonjwa, na mama ataandikiwa rufaa aende kwa mtaalamu ambaye wakati huo yuko kwenye warsha kuhusu matumizi ya hojaji hiyo vijijini. Huenda mama huyo anaumwa kwelikweli. Huo ndio ubaya wa kipimo kisichojaribiwa mahali kinapotumika, kwamba hakimtofautishi mgonjwa na jirani yake mwenye njaa, na wote wawili hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kimya hiki cha wataalamu kuhusu huzuni za vijijini kina babu yake katika historia ya Kenya. John Colin Carothers, aliyekabidhiwa hospitali ya Mathari mjini Nairobi mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni ilichapisha waraka wake kuhusu Mau Mau, uliotafuta chanzo cha vita hivyo zaidi katika mtikisiko wa nafsi kuliko katika ardhi iliyonyakuliwa. Wanasaikolojia wa leo humlaani Carothers katika mihadhara yao, na wana haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, daktari huyo alijitaabisha kukosea kwa kurasa nyingi, ilhali ipo njia nyepesi zaidi ya kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo mahali fulani, nayo ni kutokwenda kuuliza.

Wapo, kwa bahati mbaya, watu wasio na subira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza jinsi vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda vilivyohusishwa katika jaribio la tiba ya mazungumzo ya vikundi, ambapo vikundi viliongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya majuma mawili tu, na sonona ikapungua kwa kiasi kilichowashangaza hata watafiti. Mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wahudumu wa afya waketi kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasikiliza waliolemewa, na mwaka 2016 matokeo ya jaribio la kisayansi yalionyesha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kenya nayo ilizindua mwaka 2023 kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba yenye kifaa cha kupimia presha na cha kupimia sukari. Vyama vingeweza kuwaendea wahudumu hao nyumba kwa nyumba na kuwafundisha kusikiliza. Lakini jambo zito kama hilo lahitaji kamati ndogo, na kamati ndogo yahitaji bajeti ya kikao.

Isidhaniwe kwamba vyama vya kitaaluma havina nguvu ya kutenda. Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu badala ya mgonjwa, kinakiuka Katiba, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilikuwa miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo. Nguvu hiyohiyo huweza kupinda: uchunguzi wa mwanasheria David Hoffman ulifichua mwaka 2015 kwamba maofisa wa chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani walikuwa wameshauriana kisiri na Wizara ya Ulinzi ili miongozo ya maadili ya chama isiwabane wanasaikolojia walioshiriki kuwahoji wafungwa. Viongozi wa kanda hii hawawezi kushtakiwa kwa dhambi ya namna hiyo, kwa kuwa ili mtu apotoke katika jambo, sharti kwanza awe na jambo analolifanya.

Kwa kuwa shukrani zisizo na ombi huzua shaka, uongozi unaombwa mambo matatu. Kwanza, mkutano mkuu mmoja ufanyike Ngaremara, lugha ya kikao ikiwa Kiturkana, na wataalamu watafutiwe mkalimani kama wanavyotafutiwa wenyeji kila siku hospitalini. Pili, kila mgombea wa uongozi aeleze, kabla ya kutaja shahada zake, ni wapi nje ya miji mikubwa amefanya kazi na kwa muda gani, na alama za kujiendeleza zitolewe kwa siku za kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii na kufundishwa nao. Tatu, vyama vipeleke bungeni pendekezo la kuwatambua wasikilizaji wa vijijini kama wasaidizi halali wa taaluma, wenye mafunzo mafupi na msimamizi aliyesajiliwa anayepatikana kwa simu, na hojaji yoyote isipelekwe kwa mfugaji kabla wafugaji hawajaulizwa inavyosikika masikioni mwao.

Uongozi una hiari ya kuyakataa yote, na ukiyakataa, Ngaremara haitashangaa.

Wenu katika kusubiri,

Wakazi wa Ngaremara wasio na namba za uanachama

Nakala:
1. Mweka Hazina, ili akadirie ni kiasi gani kimeokolewa kwa kutokuja.
2. Mzee wa chini ya mgunga, pamoja na ombi kwamba aendelee kuvunja sheria mpaka itakapotolewa taarifa nyingine.