Kesi ya Mstafeli

Mama mkwe aliwasili kutoka Tanga Jumamosi ya pili ya Desemba, na kwa ajili yake nilikuwa nimetunza stafeli moja kubwa lililokomaa kwenye mti nyuma ya jiko letu hapa Morogoro. Hakuna tunda analolipenda kuliko hilo. Nikatandika mezani kitambaa cheupe alichotufumia mwenyewe tulipooana, nikaweka sinia, nikalipasua mbele yake ili harufu imfikie kabla ya sharubati.

Ndani mlikuwa na funza. Walikuwa wengi, weupe, wakubwa kupita punje ya mchele kidogo, wametoboa njia katika ile nyama laini. Sijawahi kuona funza akifanya nilichokiona kisha. Mmoja alijikunja, akakutanisha mdomo na mkia kama pete, akajiachia. Akaruka! Akatua kwenye kitambaa, nje kabisa ya sinia. Mwingine akafuata, na wa tatu akaangukia mapajani mwa mama mkwe, juu ya kanga.

Mama hakupiga kelele. Alimwokota kwa ncha za vidole, akamweka kwenye kisosi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hili tunda limeoza tangu lini?"

Nililia jikoni. Tunda halikuwa limeoza, nami sikuwa na jibu la kumpa mgeni wangu.

Habari haikukaa. Jirani yetu ana mwembe unaoegemea uzio, na mara mbili msimu ule alikuwa ametwambia kwamba nzi wanaomharibia maembe wanazaliwa kwenye mstafeli wetu. Alasiri alikuja, akamwamkia mama, akaketi, akasema kwa upole kwamba sasa ushahidi umepatikana mezani kwetu wenyewe. Baba watoto hapendi ugomvi na majirani. Akamwahidi kuwa mti utakatwa kabla ya Mwaka Mpya.

Mbegu ya mti ule aliileta mama mkwe mwenyewe, mwaka aliozaliwa binti yetu. Mama alisikia ahadi ile, akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Mimi ndiye sikuweza kunyamaza. Niliomba jambo moja tu: kabla ya panga, tujue ni nzi gani.

Jirani alikubali. Akatupa maembe sita yaliyodondoka, nasi tukatoa mastafeli mawili yaliyokuwa yameanza kulainika. Tulichukua ndoo mbili ndogo, tukaweka mchanga mkavu chini, tunda juu, tukafunga midomo kwa kipande cha chandarua cha zamani. Binti yetu aliandika kwa kalamu ya wino mzito: STAFELI, EMBE. Mchanga ni wa lazima, kwa sababu buu wa nzi huyu akishiba hutoka kwenye tunda na kutafuta udongo. Ndiyo maana anaruka: anatafuta pa kujichimbia, ageuke pupa, kijipipa cha rangi ya kahawia, sentimita chache chini ya ardhi.

Jioni mama aliuliza ikiwa tunda haliwezi kuzaa funza lenyewe. Nikamsimulia juu ya Francesco Redi, tabibu wa Italia, ambaye mwaka 1668 alieleza jaribio lake la kuweka nyama kwenye vyombo, vingine wazi, vingine vimefunikwa kwa shashi. Palipofunikwa, nzi hawakufika na funza hawakutokea. Mama akakitazama chandarua juu ya ndoo. "Basi huyu wetu aliingia kabla ya kufunika," akasema. Ndivyo. Jike alikuwa ametoboa ngozi ya stafeli kwa mrija wake wa kutagia tunda likiwa bado mtini, akaacha mayai membamba meupe ndani. Tundu lake ni dogo kiasi kwamba nililipitishia kidole nisilione.

Wala si wale vijidudu wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi mbivu jikoni. Wale ni wadogo zaidi, nao hufuata tunda lililokwisha kuchacha. Huyu huanza na tunda zima, ndiyo sababu hasara yake inauma.

Siku ya kumi na tatu nzi wa kwanza walitoka. Anavyotoka ni jambo la kushangaza: kwenye paji la uso ana kifuko anachokijaza na kukisukuma mpaka kifuniko cha pupa kinafunguka, kisha kifuko kinarudi ndani, hakionekani tena maishani mwake. Lakini nilipowaweka chini ya lensi ya mkono, moyo ulianguka. Wa ndoo ya stafeli walikuwa wamepauka, mabawa yamekunjamana, hayana rangi. Wa ndoo ya embe vilevile. Jirani aliinama, akatazama, akasema, "Ni walewale." Baba watoto akaenda kutafuta jiwe la kunolea.

Sikumlaumu. Hata mimi niliona walewale.

Ni mama mkwe aliyesimama kwenye mlango wa jiko. "Kifaranga siku ya kwanza unamjua ni jogoo au tetea? Wapeni chakula, waacheni wakomae." Tukawawekea pamba iliyolowa maji ya sukari. Baadaye nilielewa kwamba wataalamu wa wadudu nao hufanya hivyo hivyo: nzi hawa huwekwa hai siku kadhaa kabla ya kutambuliwa, kwa kuwa rangi huja polepole na nzi aliyeuawa mapema hupotosha.

Siku nne baadaye niliwatazama tena, na ningetaka kila mtu aone nilichoona.

Nzi wa stafeli alikuwa na mwili wa manjano, mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Mabawa yake yalikuwa yamepigwa michoro kama kanga: michirizi mipana ya manjano iliyokolea, mmoja ukifuata ukingo wa mbele, mwingine ukikatiza katikati, na karibu na mzizi wa bawa vidoa vidogo vingi vyeusi, kana kwamba mtu alikung'uta brashi. Kifuani madoa meusi. Nyuma ya kifua wadudu hawa wana kipande kidogo chenye umbo la ngao, na hapo ndipo penye saini yake: madoa matatu meusi juu ya manjano. Binamu yake wa Mediterania, anayesumbua kahawa na machungwa, ngao yake ni nyeusi inayong'aa kwenye nusu ya nyuma, na dume lake lina jozi ya nywele kichwani zenye ncha pana kama kijikasia. Madume yetu hayakuwa nazo. Huyu ni Ceratitis cosyra, Mwafrika halisi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1849. Alikuwa akitembea kwenye pamba huku akiinua bawa moja na kuligeuza, kisha la pili, kama mtu anayeonyesha upindo wa nguo yake.

Nzi wa ndoo ya embe alikuwa mwingine. Mkubwa zaidi, ana kiuno, ukimwona kwa haraka unadhani ni nyigu. Bawa lake ni angavu, lina mstari mwembamba mweusi tu ukingoni mwa mbele na mwingine mfupi nyuma. Kifuani ana michirizi miwili ya manjano, kila upande mmoja. Ngao yake ni ya manjano tupu. Tumboni ana alama nyeusi ya herufi T. Huyu ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Miaka kumi baadaye wakakubaliana kwamba ni Bactrocera dorsalis, anayejulikana Asia siku nyingi. Hapa Morogoro utafiti ulionyesha kuwa mgeni huyu amelitwaa embe, na yule wa michoro amebaki akilipendelea stafeli.

Nilimwita jirani, nikampa lensi. Alitazama muda mrefu bila neno. Nami nikamweleza yote, pamoja na lisilotufaa: nzi wetu naye hutaga kwenye embe akilipata, na kati ya nzi 43 waliotoka kwenye maembe yake, wawili walikuwa na mabawa ya michoro. Hatukuwa safi kabisa. Lakini 41 hawakuzaliwa kwetu.

Panga lilirudi stoo. Tulikubaliana kuokota matunda yaliyodondoka kila asubuhi, pande zote mbili za uzio, na kuyafunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki juani mpaka mabuu wafe. Mastafeli machanga tuliyavika mifuko ya kaki. Mama ndiye aliyefunga vifundo, kwa kamba za mgomba. Pia nilimsihi jirani aache kuwapulizia dawa sisimizi wa maji moto kwenye mwembe wake. Wanauma sana, kweli, lakini wanakamata mabuu, na nzi huogopa kutaga walipopita.

Mama aliondoka wiki ya pili ya Januari bila kuonja stafeli. Hilo bado linanichoma.

Juzi, Machi ikianza, jirani alibisha hodi saa moja asubuhi. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu yenye mchanga, chandarua mdomoni, na kipande cha karatasi alichokiandika mwenyewe: MAPERA.

"Wametoka jana," akasema. "Sijawasumbua. Nimewapa sukari."

Tukaiweka chupa dirishani, pasipofika jua kali, na kuhesabu siku.