Kizibo cha Mvule

Katika nyumba yetu iliyo mteremkoni mwa kilima cha Kibuli, chupa ya samli huzibwa kwa gunzi la muhindi, dumu la maji huzibwa kwa ndizi mbichi au kipande cha kiazi, na chupa ya asali, ambayo kwa sababu ya bei yake hupewa heshima zaidi kidogo, huzibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa mara nne. Wala mambo hayo hatukuyazua sisi, kwani ukisimama asubuhi kando ya barabara za Kampala utayaona madumu yakipita juu ya baiskeli na pikipiki, kila moja limetiwa kiazi mdomoni kama mtoto aliyenyamazishwa. Nimeishi na desturi hiyo miaka mingi bila ya kuona haya. Haya iliniingia siku nilipokumbuka ya kuwa babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkereza matendegu ya vitanda kule Lamu.

Marehemu yule alitumia keezo ya uta: mkono mmoja ukivuta uta mbele na nyuma, kamba ikizungusha mti, na mkono wa pili umeshika patasi. Mimi sikujaliwa kumwona kazini, walakini habari zake nilizisikia kwa mama mara nyingi mno, hata nikaamini, kwa ghururi ile iwapatayo watu waliopita makamo na wakapata wasaa, kwamba ustadi hurithiwa kama pua. Basi nikaazimia kukereza vizibo vya chupa, vya mti wa maana, vyenye vichwa mfano wa kuba za misikiti, ili gunzi liondoke nyumbani mwangu kwa taadhima.

Mashine niliundiwa na fundi mmoja wa Katwe, mtaa ambao mafundi wake wakikosa kifaa hukibuni. Aliitwaa mota ya mashine ya kufulia iliyokwisha kufa, akaifunga mkanda wa gari, akaweka ncha mbili za chuma za kukaba mti huku na huku, na mbele yake kipande cha reli cha kuegemezea patasi. Umeme wa kuizungusha hutoka Jinja, kwenye bwawa lililokuwa likiitwa Owen Falls, alilolifungua Malkia Elizabeth mwaka 1954, na sidhani kama siku ile ilimpitikia ya kuwa Mto Nile wote ule, pamoja na viboko wake, utakuja kutumika kwa kizibo.

Mbao nilizifuata Ndeeba, kandokando ya barabara ya Masaka, ambako msumeno haunyamazi na mtu hutembea juu ya unga wa mbao kama atembeaye pwani. Nikachagua vipande vya mvule vilivyobaki katika kazi ya milango. Kijana muuzaji akaniuliza, "Hajji, nikufungie kama kuni?" Nikamjibu kwa fahari ya kwamba ni vya kukerezea vizibo vya chupa. Akatafakari kidogo, akasema kwa adabu kabisa, "Ssebo, kizibo huja na chupa yake."

Siku ya kwanza nilikata kigogo cha urefu wa sentimita 12 na unene wa sentimita 5, nikakikaba, nikawasha mota, na pembe zake nne zikapotea machoni zikawa ukungu wa rangi ya asali. Nikaisogeza patasi ya bobari taratibu. Ewe msomaji, ile dakika ya kwanza sitaisahau: utepe mwembamba wa mti ukatoka ukajipinda, ukanipanda mkononi hata kwenye kiwiko, vuguvugu kama mkate wa kusukuma uliotoka kikaangoni, na chini yake mviringo ukaanza kujitokeza wenyewe, laini, wenye mistari ya dhahabu, nami nikahisi kabisa ya kuwa babu amesimama nyuma ya bega langu. Kisha nikapiga chafya, kwa kuwa vumbi la mvule lina ugomvi na pua za watu, na katika chafya ile bobari ikagonga jiwe.

Nasema jiwe, wala si msemo. Mvule, kama wajuavyo maseremala, hujiwekea mwilini mawe ya chokaa magumu kiasi cha kuvunja meno ya msumeno, na mtu asiyepata kukereza maishani mwake ndiye huyo hasa ambaye jiwe humngojea. Kigogo kiliponyoka katika ncha zake, kikapita dirishani, kikapiga bati la banda la kuku kwa kishindo, na jogoo akawika saa tisa alasiri. Mpaka leo jogoo yule akisikia mota huwika, na majirani wawili wamekwisha kulalamika kwamba hawajui tena wakati.

Mke wangu alikuja akatazama, akaniuliza kama nimeumia. Nilipomwambia sikuumia, akarudi jikoni bila ya neno jingine. Ningalipenda aseme neno.

Nikahamia kwenye mfenesi, ambao ni mti mwororo wenye rangi ya manjano ya kupendeza, nikakereza vizibo sita kwa siku moja, vyote mviringo kamili. Baada ya majuma mawili vyote vilikuwa mayai. Mti ule ulikuwa mbichi, na mti mbichi ukikauka haunywei sawasawa: kwa kuzifuata pete za umri wake hunywea karibu mara mbili ya vile unavyonywea kuelekea moyoni. Hayo niliambiwa na yule yule kijana wa Ndeeba, ambaye wakati wa kuniuzia mfenesi wake hakuwa ameyakumbuka.

Hatimaye nikarejea kwa mvule mkavu, na baada ya kuharibu vigogo nisivyotaka kuvihesabu, nikapata kizibo. Kilikuwa na shingo nyembamba, kuba lenye ncha, na mkia wa milimita 19 nilioupiga msasa hata ukaingia katika mdomo wa chupa kama upanga alani. Nilikipaka nta, nikakitia katika chupa ya munanasi, kinywaji kile cha maganda ya nanasi, tangawizi na sukari, ambacho mke wangu alikuwa amekipika kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Akaniambia, "Mzee wangu, hiyo chupa iachie gunzi lake." Nikamwuliza sababu. Akasema gunzi hupumua. Nikacheka.

Jumapili ikafika, na wageni wakafika, shemeji pamoja na shehe mmoja mtu wa heshima na maskhara. Chupa iliwekwa katikati ya meza, mahali pa jua. Shehe akaitwaa, akakigeuzageuza kichwa cha kizibo kwa kidole, akasema, "Mashaallah! Kazi ya nani hii?" Ndilo swali nililolingojea tangu Katwe. Nikajiweka sawa kitini, nikaanza na Lamu, nikapita kwenye matendegu, nikafika kwenye keezo ya uta, na hapo kizibo kikaondoka. Kilitoa mlio wa bunduki, kikapita kando ya ndevu za shehe, kikavunja kioo cha saa ya ukutani, na nyuma yake ukafuata munanasi wenyewe, ambao sehemu yake kubwa ilikaa juu ya kanzu nyeupe.

Pakawa kimya. Shehe akajifuta uso kwa leso bila ya haraka, akaniuliza, "Hajji, babu yako alikuwa akikereza vitanda, au mizinga?" Kisha akalitazama povu lililobaki chupani, akauliza kinywaji kina siku ngapi. Nikasema tatu. Akairudisha chupa mezani, akaomba chai.

Vizibo vingine kumi na saba nilivyokuwa nimekwisha kuvikereza havikukosa wateja. Watoto wa mtaani walivikuta barazani, wakavipindua kichwa chini, wakavifunga kamba, vikazunguka vizuri kuliko pia yoyote iuzwayo sokoni, na sasa hunijia jioni wakisema, "Jjajja, tuuzie pia," nami huwauzia kwa shilingi 500. Gunzi limerudi mahali pake. Na wewe msomaji, ikiwa bado unahitaji kizibo cha mvule, njoo Kibuli nitakukerezea kwa furaha, lakini uniambie kwanza kilichomo chupani.