Ukienda Kutazama Uchi Uliochorwa na Mabwana wa Zamani

Kwanza, usicheke. Mlinzi wa makumbusho amewazoea wanaocheka, lakini bibi mwenye daftari aliye pembeni yako atakuona mshamba. Kunja uso, rudi nyuma hatua mbili, kisha sogea tena kana kwamba umegundua kasoro.

Michelangelo hutamkwepa. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina karatasi yake yenye mgongo mpana uliochorwa kwa chaki nyekundu. Ni maandalizi ya Sibila wa Libya, yule nabii wa kike wa dari ya Kanisa la Sistina (1508–1512). Chonde chonde, usije ukasifia umbo la huyo mama. Aliyekaa mbele ya mchoraji alikuwa mwanamume! Basi ukikutana na bibi yeyote wa enzi hizo mwenye mabega ya mpagazi, tikisa kichwa na unyamaze.

Misuli nayo isikutishe. Leonardo, aliyepasua maiti kwa mikono yake mwenyewe, aliwakejeli wachoraji waliovimbisha kila msuli: watu wao, alisema, ni magunia ya kokwa za jozi. Na mkono ule ulioinuliwa kwa uchungu mkuu? Mara nyingi mkono wa modeli uliegemezwa kwenye fimbo, au kushikilia kamba iliyoning'inia darini. Mchoraji kamba hakuichora.

Kwa Rembrandt ndipo wageni huumbuka, maana hapo matumbo yamelegea kama ya watu. Mwaka 1681, Rembrandt akiwa kaburini tangu 1669, mshairi Andries Pels alimshambulia: eti badala ya Venus, mungu wa kike wa uzuri, wa Wagiriki, alimchagua dobi, akamchora na alama za kamba za nguo tumboni na za mikanda ya soksi miguuni. Usimuunge mkono Pels, hata kama bibi wa daftari anamuunga. Dobi yule ana damu. Venus wengi ni plasta tu.

Ukiulizwa wachoraji wa kike walikuwa wapi, elekeza kidole kwenye mchoro wa Johan Zoffany wa 1771–1772. Wanachama wa chuo cha sanaa cha Royal Academy, London, wamemzunguka modeli wa kiume aliye uchi, ila Angelica Kauffman na Mary Moser, waasisi wa chuo hicho mwaka 1768, wametundikwa ukutani kama picha. Heshima, bwana. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi 1893 kuruhusiwa kuchora modeli wa namna hiyo, tena sharti afunikwe kiunoni.