Bata Haliwi, Mfalme Analipuka

Sataranji ya kawaida ina kasoro moja kubwa: haina kisingizio. Shabiki wa Simba au Yanga akifungwa ana refa wa kumlaumu, ana uwanja, ana mvua, na vyote vikikosekana ana mganga wa upande wa pili. Kwenye sataranji hakuna dadu wala karata zilizochangwa vibaya. Kete zote ziko mezani, unachokiona wewe ndicho anachokiona mwenzako, na ukipigwa umepigwa na akili yako mwenyewe. Mtu mzima mwenye familia na madeni hahitaji kuambiwa ukweli huo kila jioni.

Ndiyo maana nikahamia kwenye watoto wa sataranji, ile michezo ambayo sheria moja tu imechokonolewa na dunia nzima ikapinduka. Mtandaoni imejaa tele. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inayo minane, bure kabisa na bila tangazo hata moja, jambo linalomfaa mtu ambaye bando lake la wiki hukata katikati ya wiki. Naicheza, naipa nyota, na hapa natoa ripoti kwa faida ya umma.

Tuanze na Chess960. Huu ulitangazwa na Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, jijini Buenos Aires mwaka 1996. Kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, na mipangilio inayowezekana ni 960, ili waliokariri vitabu wakose pa kushika. Mimi sikukariri kitabu chochote, kwa hiyo faida yangu ni nyingine: naweza kulaumu mpangilio. "Malkia wangu alipangwa kona ya mwisho, ningefanyaje?" Malkia wa mpinzani naye alipangwa kona hiyo hiyo, lakini hayo ni mambo yake. Nyota 3 kati ya 5.

Atomic ni habari nyingine. Humo kila kete inapoliwa, hulipuka. Mlaji anakufa, aliyeliwa anakufa, na wote waliosimama kwenye miraba inayowazunguka wanakwenda nao, isipokuwa askari wa kawaida, ambao kwa mara ya kwanza katika historia ya vita wanapona wao na wakubwa wanaangamia. Farasi mweupe akienda f3, kisha g5, kisha akamla askari wa f7, mfalme aliyezubaa e8 analipuka pamoja na askofu na farasi wake. Hatua tatu, mchezo umekwisha.

Hatua ya tatu nilikuwa naisubiri ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Mpinzani hakuona kitu. Nikajisahau, nikapaza sauti: "Lipua! Lipua hapo hapo!"

Konda akagonga bodi. Dereva akakanyaga breki. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la samaki akawa wa kwanza kufika mlangoni, beseni kaliacha kwenye miguu yangu. Nikainua simu juu ili watu waone kuwa ni mchezo tu, jambo ambalo, nikilifikiria sasa, halikuwatuliza hata kidogo. Ilipoeleweka, konda alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeona mengi. "Braza, shuka. Kalipulie nje." Nikashuka Aziz Ally, nikamalizia kwa miguu. Nyota 4, moja nimeikata kufidia nauli.

Antichess ni ule ambao anayemaliza kete zake ndiye mshindi. Mfalme hana cheo, analiwa kama wengine, na ukiweza kula ni lazima ule. Niliuonyesha kwa mzee mmoja fundi baiskeli, mkongwe wa drafti kijiweni kwetu, ambaye sataranji hajawahi kuigusa. Nikamfundisha kete zinavyotembea, pale pale kwenye benchi.

"Kula ni lazima?" akauliza.

"Lazima, mzee."

"Kama drafti."

"Kama drafti."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikasukuma askari wa mfalme hatua mbili, e4, kama walimu wengi wanavyofundisha. Akaleta askari wake b5, mbele ya mdomo wa askofu wangu. Nikala, sina hiari. Akatega mwingine. Nikala. "Kula mwanangu, usione haya," akaniambia, huku mkono wa pili ukipaka grisi mnyororo wa baiskeli ya mteja. Niliposhiba, yeye hakuwa na kete hata moja.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2016 Mark Watkins alithibitisha kwa kompyuta kuwa mweupe akianza na e3 anashinda kwa hakika. Ni askari yule yule, ila asogee hatua moja badala ya mbili. Hiyo e4 yangu ni hatua ya kushindwa tangu mwanzo. Nikampelekea mzee habari hizo. "Hiyo kompyuta ingekuja tu kijiweni," akasema. Nyota 5, zote za mzee.

Kuna Duck Chess, aliyoibuni Tim Paulden mwaka 2016, na hii utaikuta Chess.com. Wachezaji wawili wanagawana bata mmoja. Ukishacheza hatua yako, unamhamisha bata kwenye mraba wowote ulio wazi, na hapo alipo hapitiki. Dar es Salaam watu wanakula bata. Huku bata haliwi, na jioni nzima inaharibika kwa ajili yake. Nimewahi kubakiza hatua moja tu kushinda, bata akaletwa akaketi katikati ya njia, akinitazama. Nyota 3, kwa sababu ya macho yake.

Nimeiweka Crazyhouse mwisho kwa makusudi. Humo kete ukiila inakuwa yako: inabadili rangi kama mwanasiasa aliyehama chama, nawe unairudisha uwanjani popote penye nafasi, kumpiga bosi wake wa jana. Mchezo mtamu kuliko yote, na ndio uliovunja heshima yangu nyumbani. Mama aliiona filamu ya Queen of Katwe, inayomhusu Phiona Mutesi wa Uganda, na tangu siku hiyo akinikuta nimeinamia simu huwatangazia ndugu kuwa nafanya mazoezi. Sikukuu moja ubao wa kweli ukaletwa sebuleni, nikawekwa mbele ya mpwa wangu wa shule ya msingi. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipokula farasi wake, nikamfuta vumbi, nikamsimamisha upya karibu na mfalme wake.

"Mjomba," mtoto akasema kwa adabu, "huyo farasi ni wangu, na ameshakufa."

"Amehama," nikajibu.

Mama akaenda kuangalia pilau. Crazyhouse naipa nyota 5 kwenye simu, na sufuri sebuleni.

Hukumu yangu ni hii: michezo hii haitakufanya bingwa, na ukiizidisha itakuharibia hata ule mchezo wa kawaida uliokuwa ukiujua nusunusu. Lakini inampa fundi baiskeli nafasi ya kumgaragaza aliyemfundisha dakika kumi zilizopita, kitu ambacho sataranji ya wakubwa haiwezi. Jifunze kwanza ile ya kawaida, maana utamu wa sheria iliyopinduliwa anaujua aliyeiona ikiwa imesimama. Kisha tafuta mzee wa drafti aliye karibu nawe, mkalishe, mpe simu. Na ukitaka kumshinda, usianze na e4.